Nanga ya Mlinganyo

Mzazi mmoja wa Tanga, ambaye mwanawe yuko kidato cha pili, ameniletea barua yenye maswali mawili aliyoulizwa na mtoto huyo, nayo yakamshinda kuyajibu. La kwanza ni hili: darasani hufundishwa kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hugeuka ishara yake, iliyokuwa ya kutoa ikawa ya kujumlisha, na iliyokuwa ya kujumlisha ikawa ya kutoa, je, ni nani aigeuzaye huko njiani? La pili ni kwamba mwanafunzi akisha kurahisisha mlinganyo mpaka jawabu likapatikana, huamrishwa auchore katika grafu, na mtoto anataka kujua kuna haja gani ya kuchora kitu ambacho jawabu lake limekwisha julikana. Nimeyatafakari maswali hayo kwa furaha siku kadhaa, kwa sababu mtoto huyo, pasipo kujua, ameuliza swali moja kwa vinywa viwili, na jawabu lake ni miongoni mwa mambo mazuri mno niyajuayo katika elimu ya hesabu.

Sitaeleza hapa namna ya kupiga mihimili miwili, wala kutengeneza jedwali la thamani, wala kutia nukta moja moja. Hayo yamo katika kila kitabu cha shule, na mwalimu yeyote huyamaliza kwa kipindi kimoja. Yatosha kukumbuka kwamba mlinganyo wa mstari ni habari ya mambo mawili yanayokwenda pamoja kwa kipimo kisichobadilika, na kwamba kila msemaji wa Kiswahili hubeba mlinganyo mmoja wa namna hiyo kichwani tangu utoto wake: asomapo 9:00 katika tiketi ya basi, hutoa sita bila kufikiri, akajua kuwa safari ni saa tatu. Hiyo ndiyo y = x − 6, mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Basi na tuanze na ishara inayogeuka. Jina lenyewe la aljebra limetoka katika kitabu kilichotungwa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, na mtungaji wake ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Kitabu hicho kilihusu hisabu ya al-jabr na al-muqabala, na sehemu kubwa yake inashughulika na mirathi na wasia, maana mtungaji alikusudia kuwafaa watu katika yale yaliyowalazimu kila siku: kugawana urithi, kufanya biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Hakuwa na herufi x, wala hakuwa na alama ya sawasawa, ambayo haikupata kuonekana mpaka Robert Recorde alipoitia katika kitabu chake huko Uingereza mwaka 1557. Kila kitu alikiandika kwa maneno: namba isiyojulikana aliiita kitu, au mzizi, na mraba wake akauita mali, neno lilelile tulilo nalo sisi midomoni mwetu.

Sasa tazama majina ya kazi zake mbili. Al-jabr ni kuunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa, na katika Hispania ya zamani muunga mifupa aliitwa algebrista. Al-muqabala ni kukabilisha, kuweka kitu uso kwa uso na mwenzake, na shina la neno hilo tunalo katika kukabili na katika mkabala. Chukua mlinganyo huu: 3x − 6 = x + 8. Upande wa kushoto una jeraha, kwa kuwa vitu vitatu vimekatwa sita; kuunga ni kuurudishia upande huo sita yake, lakini kwa kuwa sawasawa ni ahadi ya mizani, upande wa kulia nao hauna budi kupewa sita nyingine, na hapo hupatikana 3x = x + 14. Ndipo tunapokabilisha: kitu kimoja kilichoko kulia kinasimama uso kwa uso na kimoja katika vile vitatu vya kushoto, tukaviondoa vyote viwili, ikabaki 2x = 14, yaani x = 7.

Mtoto wa msomaji wangu naona amekwisha kupata jawabu lake. Hakuna namba iliyovuka, na kwa hiyo hakuna aliyeigeuza njiani. Sita ya kushoto iliungwa ikatoweka palepale ilipokuwa, na sita iliyotokea kulia ni nyingine kabisa, iliyotolewa kwa ajili ya haki ya mizani. Kanuni ya kuvusha na kugeuza hufupisha kazi, nami siwalaumu walimu wanaoitumia wakati mtihani uko mlangoni. Lakini mtoto aliyepewa kanuni kabla ya kuonyeshwa mizani amedhulumiwa sehemu bora ya somo.

Na sehemu bora zaidi huonekana mtu achorapo. Pande mbili za mlinganyo ule ni mistari miwili, mmoja y = 3x − 6 na mwingine y = x + 8, na jawabu ni pale inapokatana: hatua 7 kwenda kulia na hatua 15 kwenda juu. Tulipounga kwa sita, mistari yote miwili ilipanda pamoja hatua sita, na makutano yake yakapanda hata 21. Tulipokabilisha, yaani tulipoondoa x kila upande, mistari yote miwili ilishuka, na makutano yakateremka hata 14. Tulipogawa kwa mbili yakateremka tena, yakatulia kwenye 7. Kumi na tano, ishirini na moja, kumi na nne, saba: makutano yamepanda na kushuka kama bendera mlingotini, lakini muda wote yalikuwa juu ya saba ileile ya mhimili wa chini, bila kwenda kulia wala kushoto hata unywele mmoja. Mlingoti haukuhama. Kurahisisha mlinganyo, basi, ni kuivuta kamba ya bendera kwa hekima, mpaka mstari mmoja ulale kabisa na jawabu lisomeke.

Kabla sijaendelea sina budi kusimama kidogo kwa ajili ya neno moja, maana nitalihitaji mbele na lililopo halinitoshi. Kadiri mstari unavyopanda au kushuka kwa kila hatua moja ya kwenda kulia, vitabu vyetu huita mteremko. Lakini kuteremka ni kwenda chini, na nusu ya mistari ya dunia hii inapanda. Mwanafunzi anaposoma habari ya mteremko chanya huambiwa kwamba ni ule unaokwea, na lugha yake mwenyewe humkatalia. Wengine husema mwinamo, na hilo ni afadhali kidogo, ila ainamaye hukunja mgongo, ilhali mstari haukunji chochote. Mpando una kosa lilelile la mteremko kwa upande wa pili. Mimi nimekuwa nikiitazama minazi ya ufukweni, ambayo mmoja umesimama wima, wa pili umeegama upande wa bahari, wa tatu umeegama upande wa bara, na mwingine umeegama sana hata watoto huupanda kwa kutembea, nayo yote ni minazi iliyonyooka; nikasema, neno letu ni mwegamo. Mwegamo haubagui kupanda na kushuka, una kiasi, una upande, na ngazi ya fundi iliyoegemezwa ukutani humpa mwalimu mfano ulio tayari. Wenye mamlaka juu ya istilahi wakiukataa sitateta nao, lakini katika makala haya nitautumia.

Sasa nifike kwenye lile linalonikosesha usingizi kwa utamu wake. Kuna milinganyo inayokuja miwili miwili, yenye visivyojulikana viwili. Mama mmoja alinunua kilo 1 ya maharage na kilo 2 za mchele kwa shilingi 10,000. Jirani yake akanunua dukani hapohapo kilo 3 za maharage na kilo 1 ya mchele kwa shilingi 15,000. Tukihesabu kwa maelfu, na tukiita bei ya maharage x na bei ya mchele y, tuna x + 2y = 10 na 3x + y = 15. Kila mmoja ni mstari, na mistari hiyo hukatana mahali pamoja. Darasani huambiwa tuizidishe, tuijumlishe au tuitoe mpaka kimoja kati ya visivyojulikana kiondoke, na kazi hiyo huitwa kuondoa. Watu huifanya kama wapigao mashine, na ni wachache waliopata kuulizwa: milinganyo miwili ikijumlishwa, ule mlinganyo mpya unaozaliwa ni mstari gani, na umekaa wapi?

Jumlisha: 4x + 3y = 25. Hiyo ni hesabu ya mama wa tatu, ambaye kapu lake lina yote yaliyomo katika makapu mawili ya kwanza, naye akalipa fedha zote walizolipa wenzake. Uchore, na utaona ni mstari mpya, haukulala juu ya wa kwanza wala juu ya wa pili. Lakini unapita barabara katika makutano yao. Haukuwa na hiari. Pale ambapo bei ni ya kweli kwa mama wa kwanza na ni ya kweli kwa wa pili, haiwezi kuwa ya uongo kwa aliyebeba makapu yote mawili. Jumlisha mlinganyo wa pili mara mbili badala ya mara moja, upate 7x + 4y = 40, nao unapita palepale. Toa badala ya kujumlisha, unapita palepale. Jumlisha nusu, au robo, au mara elfu, hapo mahali pamoja hapakwepeki.

Nani asiyepata kuliona jahazi lililotia nanga bandarini? Pepo za kusi zikivuma huelekeza omo upande wa kusi, kaskazi ikivuma huligeuza lote, maji yakijaa hulisukuma huku na yakipwa hulivuta kule, na mtu aliyeketi ufukweni tangu alfajiri hata magharibi huliona limezunguka na tezi yake imetazama kila pembe. Lakini amari, ile kamba ya nanga, daima imenyooka kuelekea mahali pamoja chini ya maji ambapo jicho halifiki. Nanga haionekani. Ajuaye bahari hahitaji kupiga mbizi ili ajue ilipo: huiangalia amari asubuhi imeelekea hivi, huiangalia adhuhuri imeelekea vile, naye hujua kwamba pale maelekeo hayo mawili yanapokutana ndipo nanga ilipouma mchanga. Milinganyo miwili ya akina mama wetu ni maelekeo mawili ya amari moja. Kujumlisha na kutoa ni upepo. Na yule ahesabuye ni nahodha wa ajabu, aliyepewa uwezo wa kuamuru upepo uvume kutoka anakotaka na kwa nguvu aitakayo, mpaka chombo kikae katika mkao ambao amari yake imelala kaskazi na kusi barabara. Kwa maana ikilala hivyo, hana haja tena ya kuuliza nanga iko mbali kiasi gani, kwa kuwa imekwisha kumwambia iko mashariki kiasi gani.

Tuufuate mzunguko huo hatua kwa hatua. Mlinganyo wa kwanza una mwegamo wa nusu hatua kushuka. Tuliujumlishia wa pili mara moja, ukawa na mwegamo wa hatua moja na theluthi kushuka. Mara mbili, hatua moja na robo tatu. Na kadiri tunavyoongeza, mstari unazidi kuzunguka ukiukaribia mwegamo wa mlinganyo wa pili, ambao ni hatua tatu kushuka, bila kuufikia kamwe. Sasa turudi tulikoanza tuvumishe upepo wa kinyume. Toa theluthi ya mlinganyo wa pili, na x inatoweka, inabaki y = 3: mstari umelala chali. Toa mlinganyo wa pili mzima, upate y = 2x − 5, na mstari uliokuwa ukishuka sasa unapanda. Toa mara mbili, na inabaki 5x = 20, yaani x = 4: mstari umesimama wima kama mlingoti. Toa mara tatu, upate 8x + y = 35, na mstari umepita wima, umeanza kuegama upande wa pili, unashuka kwa kasi ya hatua nane. Katika mikao yote hiyo, nukta ya 4 na 3 haikutikisika. Ipime mwenyewe, 8 mara 4 ni 32, na 3 ni 35.

Hata kwa makapu jambo hilo ni dhahiri. Jirani akienda dukani mara mbili, atakuwa amenunua kilo 6 za maharage na kilo 2 za mchele kwa 30,000. Toa kapu la mama wa kwanza, na mchele wote umekwisha, yamebaki maharage matupu, kilo 5 kwa 20,000. Kilo ni 4,000, na mchele ni 3,000. Ndiyo maana sipendi kabisa jina la kuondoa. Hakuna kilichoondolewa. Tumegeuza mstari mpaka ukasimama katika mwegamo usiojali bei ya mchele.

Iko milinganyo isiyo na nanga, kama x + 2y = 10 na x + 2y = 12, ambayo mistari yake ni sambamba; hiyo tuiache kwa siku nyingine.

Elimu ya upepo huu ni ya kale kuliko grafu yenyewe. Mihimili na herufi za x na y zilienea baada ya kitabu cha jiometria alichokitoa René Descartes mwaka 1637. Lakini katika China ya kale kilikuwako kitabu kiitwacho Sura Tisa za Hesabu, ambacho mwanachuoni Liu Hui alikifasiri mwaka 263, na sura yake ya nane yote ni ya kazi hii. Swali lake la kwanza ni la nafaka ya daraja tatu, bora, ya kati na hafifu: mashada 3, 2 na 1 ya daraja hizo hutoa vipimo 39, mashada 2, 3 na 1 hutoa 34, na mashada 1, 2 na 3 hutoa 26. Wachina hao walipanga namba kwa vijiti juu ya ubao, vyekundu vikiwa vya kuzidi na vyeusi vikiwa vya kupungua, kila mlinganyo ukiwa na safu yake, wakaitoa safu moja katika nyingine mara kwa mara mpaka safu ikabaki na nafaka ya daraja moja tu. Jawabu lao ni vipimo 9 na robo kwa shada bora, 4 na robo kwa la kati, na 2 na robo tatu kwa hafifu.

Visivyojulikana vikiwa vitatu, kila mlinganyo si mstari tena, ni bapa pana kama ubao wa mlango, na mabapa mawili hukutana katika ukingo mmoja ulionyooka. Kujumlisha mlinganyo katika mwingine huligeuza bapa kuuzunguka ukingo huo, kama mlango unavyozunguka katika bawaba zake. Naam, watu wale wa vijiti walikuwa wakifungua na kufunga milango ambayo hawakuwahi kuiona, na bawaba zao zilikuwa madhubuti. Carl Friedrich Gauss, mtu wa hesabu wa Ujerumani, alitumia utaratibu kama huo alipotafuta njia ya sayari ndogo iitwayo Pallas, katika kazi aliyoitoa mwaka 1810, na leo utaratibu huo hujulikana kwa jina lake. Kompyuta zinazopima nguvu za nguzo za daraja huutumia kwa milinganyo maelfu, yenye mabapa ambayo akili ya binadamu haiwezi kuyachora.

Lakini mabapa ya maelfu hayatamfaa mtoto wa kidato cha pili jioni hii. Na achukue karatasi ya miraba aitandaze juu ya kipande cha boksi, ahesabu hatua 4 kulia na 3 juu, achome pini hapo, kisha aiegemeze rula kwenye pini na kuizungusha polepole. Kila rula inaposimama, asome nukta mbili inazopitia na kuuandika mlinganyo wake. Halafu atafute ni mara ngapi inapasa kuujumlisha au kuutoa mlinganyo wa jirani ili kuupata huo alioandika. Baba yake na amshikie karatasi isiteleze. Rula itapita mkao wa mama wa kwanza, italala chali, itaanza kupanda, na itakaposimama wima kabisa, mtoto ateremshe kidole kando yake mpaka kwenye mhimili wa chini, asome namba iliyoandikwa hapo.